Siku Moja Hamburg, Bandari Iliyohifadhi Sehemu ya Pwani Yetu

Bandari ya Hamburg haiko baharini. Imekaa kando ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali mto huo unapoingia Bahari ya Kaskazini, na hata hivyo maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti inayopita mita 3, jambo ambalo mtu aliyezaliwa Tanga amelizoea tangu utotoni. Asubuhi niliyofika, maji yalikuwa yamekupwa. Magati yanayoelea ya Landungsbrücken yalikuwa yameshuka, madaraja ya kuyafikia yameinama kwa mteremko mkali, na kuta za ukingo zilionyesha alama ya ukijani inayomwambia mtazamaji maji yatafika wapi yakirudi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu kuuona mji mkubwa wa Ulaya ukifuata saa za maji kulinipa utulivu ambao sikuutarajia katika mji nisiomjua mtu yeyote.

Nilikuwa kaskazini mwa Ujerumani kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na siku nzima ya mwezi Juni isiyo na miadi. Katika mwezi huo jua la Hamburg huchelewa kutua hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo mtembezi ana muda wa kutosha. Nilichagua kwenda peke yangu, kwani nilikuwa na hamu ambayo huenda isingemvutia kila mwenzangu. Nilitaka kuitazama bandari hii nikiwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, nijue ni vitu gani vilitoka kwetu vikateremshwa hapa, ni vitu na watu gani waliotoka hapa wakaja kwetu, na mji wenyewe unasemaje leo juu ya safari hizo. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, na ndani ya HafenCity, mtaa mpya uliojengwa juu ya magati ya zamani, kuna uwanja uliopewa jina la Dar es Salaam. Nilidhani kwamba undugu huo una historia ndefu kuliko tarehe ya kutiwa saini kwake, na siku hiyo nilipata ushahidi wa kutosha.

Nilianza kwa kushuka chini ya mto. Karibu kabisa na Landungsbrücken kuna jengo la mviringo lenye kuba, na ndani yake zipo ngazi na lifti kubwa zinazoteremka hadi kwenye njia ya chini ya Elbe iliyofunguliwa mwaka 1911. Njia hiyo iko mita 24 chini ya ardhi na ina urefu wa takriban mita 426. Ilijengwa ili makuli wa bandari na mafundi wa viwanda vya meli waweze kuvuka kwenda ng'ambo ya pili bila kutegemea mashua, hasa wakati wa ukungu na barafu, na lifti zake zilitengenezwa kwa ukubwa wa kubeba mikokoteni na magari. Ukutani kuna vigae vyenye picha za kuchongwa za samaki na viumbe wengine wa majini. Mwenda kwa miguu halipi chochote. Nilipenda kwamba kitu kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi kilipewa uzuri wa namna ile, kana kwamba mhandisi aliamini kuwa mtu anayekwenda kazini alfajiri naye anastahili kupita mahali pazuri.

Upande wa pili, Steinwerder, ndiko unakouona mji wote kwa mbele: mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli wenye urefu wa mita 132, paa la mawimbi na kuta za kioo za jumba la muziki la Elbphilharmonie, na meli zikipita katikati. Karibu hapo vipo vyelezo vya Blohm+Voss, kampuni ya kujenga na kutengeneza meli iliyoanzishwa mwaka 1877. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nilimkumbuka babu mmoja wa Kigoma aliyewahi kunisimulia habari za MV Liemba, kwa sababu meli ile ilipita hapa. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Hamburg na kupakizwa melini kwenda Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam masanduku yalikwenda kwa reli hadi Kigoma, na meli ikaunganishwa upya na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe na maadui, Waingereza wakaiibua baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wenyeji wa mwambao wa ziwa, watu wa Burundi, Kongo na Zambia waliosafiri nayo kwa vizazi kadhaa, wana kiungo na gati hili hata kama hawajawahi kulisikia.

Meli za kwenda kwetu hazikuwa chache wakati huo. Kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa Hamburg mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani, na meli zake zilitia nanga Tanga, Dar es Salaam na Unguja zikiwa na barua, saruji, vyuma vya reli, maofisa na wamisionari, kisha zikarudi na mkonge, mpira, pembe za ndovu, kahawa na nazi kavu. Sisi wa Tanga tumekua tukiyaona majengo yaliyobaki ya enzi hizo, na reli iliyoanza kujengwa bandarini petu mwaka 1893 kuelekea Usambara. Mwisho mwingine wa biashara ile yote ulikuwa hapa nilipokaa.

Nilirudi chini ya mto, nikatembea kwa miguu kufuata ukingo hadi Speicherstadt, na huko ndiko nilikomaliza sehemu kubwa ya asubuhi. Speicherstadt ni mtaa wa maghala ya matofali mekundu uliojengwa kuanzia mwaka 1883, ukapanuliwa hadi miaka ya 1920, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na mtaa jirani wa ofisi za wafanyabiashara. Ujenzi wake ulitokana na sababu ya ushuru. Hamburg ilikuwa ikijiunga na eneo moja la forodha la Dola ya Ujerumani, na wafanyabiashara wake walitaka wabakiziwe sehemu ambayo shehena ingewekwa, kuchambuliwa na kuuzwa tena nje bila kulipiwa ushuru. Bandari huru hiyo ilifunguliwa mwaka 1888. Ili kupata nafasi, nyumba za kisiwa kizima zilibomolewa na watu wapatao 20,000 wakaondolewa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa bandari na familia zao, ambao baada ya hapo walilazimika kuishi mbali na kazi zao. Jambo hilo nilipenda lisemwe kwa sauti kubwa zaidi pale, maana anayeyaangalia maghala yale kwa uzuri wake tu hawezi kufikiri kwamba palikuwa na jikoni na vitanda vya watu.

Maghala yenyewe yamesimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa katika udongo laini. Kila ghala lina uso mmoja barabarani na mwingine kwenye mfereji, na juu kabisa, chini ya paa, limetokeza kapi la kupandishia mizigo. Matishari yaliletwa na maji yalipojaa, gunia likafungwa kwenye kamba, likapandishwa hadi ghorofa yake na kuvutwa ndani kupitia mlango usio na kibaraza. Maji yalipokupwa, mifereji mingi ilibaki matope na kazi ya majini ikasimama. Niliiona mifereji hiyo kwanza ikiwa karibu mikavu, na kabla sijaondoka maji yalikuwa yameanza kurudi taratibu yakizifunika nguzo za madaraja.

Katika mojawapo ya maghala haya kuna makumbusho madogo yanayoonyesha kazi ilivyofanyika. Nilifurahi kuiona pale bambo, ile fimbo ya chuma yenye tundu inayochomwa katika gunia ili kutoa punje za kukagua, kwani wanunuzi wa kahawa na nafaka wa kwetu huitumia hadi leo. Kulikuwa na mizani, ndoano za makuli, magunia yenye mihuri, na sampuli za kahawa zilizopangwa kwa daraja. Wasimamizi wa maghala waliitwa Quartiersleute. Walipokea mali ya mfanyabiashara, wakaipima, wakaitunza na kuichambua, na jina lao lilitegemea uaminifu wao. Maghala kadhaa bado yana mazulia, ingawa makontena yameihamishia kazi nyingi kwenye magati ya kisasa na majengo mengi yamekuwa ofisi na makumbusho. Kwenye barabara ya Sandtorkai harufu ya viungo ilinifikia kutoka kwenye mlango mmoja, na karafuu niliitambua mara moja.

Hapo ndipo nilipopata neno nililokuwa nikilitafuta kuhusu mji huu. Maelezo niliyoyasoma siku ile yalieleza kwa ustadi jinsi karafuu, kahawa na pembe za ndovu zilivyopokelewa Hamburg, zilivyopimwa, zilivyohifadhiwa na zilivyomtajirisha mwenye nazo. Safari ya mzigo huo kabla ya kufika gatini ilipewa sentensi chache. Karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watu waliokuwa watumwa, katika mashamba yaliyoenea wakati wa Sultani Sayyid Said, na utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria katika visiwa hivyo mwaka 1897 tu. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo. Mnunuzi wa Hamburg alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu wa kazi, na mtu anayetaka kulielewa ghala lile anahitaji kuuona mnyororo wote. Sisemi haya kwa uchungu dhidi ya mji ule. Nasema kwa sababu mji unaojua kueleza kazi ya kuli wake kwa heshima kiasi kile unao uwezo wa kumweleza mchuma karafuu vilevile.

Biashara hiyo haikungoja ukoloni. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilifungua tawi Unguja mwaka 1849, na miongoni mwa mali iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Hamburg walikuwamo makauri, makombe madogo yaliyookotwa katika fukwe zetu na kupelekwa Afrika Magharibi, ambako yalitumika kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid wa Zanzibar, miaka 12 kabla Dola ya Ujerumani haijaundwa. Nikifikiri kwamba mtoto wa Mafia au wa Unguja aliyekuwa akiokota makombe wakati maji yamekupwa alikuwa, bila kujua, akifanya kazi ya kampuni ya mji huu, naona ni jambo la kustaajabisha kuliko mnara wowote nilioonyeshwa.

HafenCity nilipita kwa haraka. Ni mtaa wa kisasa wenye majengo ya kioo, na kilichonivutia zaidi ni kwamba umejengwa juu ya ardhi iliyoinuliwa hadi zaidi ya mita 8 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu Hamburg haijasahau mafuriko ya Februari 1962 yaliyoua watu 315 mjini humo. Elbphilharmonie, jumba la muziki lililofunguliwa Januari 2017, limekalishwa juu ya ghala la miaka ya 1960 lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku. Gharama zake zilipanda hadi zaidi ya euro milioni 800, na mji ulilalamika kwa miaka, lakini leo watu hupanda ngazi ndefu ya umeme iliyopinda hadi kwenye kibaraza kilicho mita 37 juu na kuzunguka jengo lote wakitazama bandari. Upepo wa pale juu ulikuwa mkali. Chakula changu cha mchana kilikuwa mkate mdogo uliojazwa samaki wa heringi aliyetiwa siki na vitunguu vibichi, chakula cha kila siku cha watu wa bandari hii, nikala nimekaa juu ya ngazi za gati pamoja na watu wengine waliokuwa peke yao.

Kutoka hapo nilikwenda mtaa wa ofisi za wafanyabiashara. Wageni wengi huja kuiona Chilehaus, jengo la miaka ya 1922 hadi 1924 lenye kona kali mfano wa omo ya jahazi, lililojengwa na mtu aliyetajirika kwa biashara ya chumvi ya shura kutoka Chile. Mimi nilikuwa nikiitafuta Afrikahaus katika barabara ya Große Reichenstraße. Ilijengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, iliyokuwa na meli nyingi za Afrika Magharibi na baadaye ikawasafirisha askari wa Kijerumani kwenda Namibia katika vita vilivyowaangamiza Waherero na Wanama kuanzia mwaka 1904. Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika wa shaba nyeusi akiwa na silaha, na ndani ya ua kuna ndovu wawili waliopambwa katika mlango wa nyuma. Watu wa ofisi walikuwa wakiingia na kutoka bila kumtazama mtu wa shaba. Nilimtazama kwa niaba yao wote. Aliyemchonga alikuwa na ustadi, na mwili wake una heshima, lakini amewekwa pale alinde mlango wa watu waliotajirika kutoka nchi zake, na sikuweza kuondoka bila kuhisi kwamba anastahili angalau kibao kinachomweleza.

Nilipanda treni hadi Dammtor, karibu na jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg. Mbele ya jengo hilo ilisimama kwa miaka mingi sanamu ya Hermann von Wissmann, na habari yake inatuhusu moja kwa moja. Wissmann ndiye aliyetumwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani mwaka 1889. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo, na mimi nimewahi kuonyeshwa na wazee wa Pangani sehemu zinazohusishwa na matukio hayo. Mwaka 1909 Wajerumani walimjengea Wissmann sanamu Dar es Salaam, chini yake akiwa askari Mwafrika anayemtazama kwa kuinua uso. Baada ya Waingereza kuuteka mji sanamu ilishushwa na kupelekwa London, kisha ikaja Hamburg, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo hiki. Ilisimama hapo hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967, na baada ya kurudishwa wakaiangusha tena mwaka 1968, mara hiyo moja kwa moja. Dar es Salaam, pale alipokuwa Wissmann, tangu mwaka 1927 amesimama Askari wa shaba anayejulikana na kila mpita njia wa mjini.

Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1911, na Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908 ilifundishia humo maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea makoloni. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yao. Leo katika bawa la mashariki la jengo hilohilo iko idara ya lugha za Afrika, na Kiswahili bado kinafundishwa, safari hii kwa vijana wanaokipenda kwa sababu zao wenyewe. Niliingia ukumbini, nikasoma matangazo ukutani, nikaona jina la lugha yangu katika ratiba ya masomo. Nilifurahi kwa dhati.

Kutoka kituo cha Stephansplatz, hatua chache tu kutoka Dammtor, treni ya U1 ilinifikisha Ohlsdorf chini ya nusu saa. Makaburi ya Ohlsdorf yalifunguliwa mwaka 1877, yana ukubwa wa takriban hekta 389, na mabasi ya mjini hupita ndani yake yakiwa na vituo vyake. Ni bustani kubwa yenye miti mirefu, mabwawa na vichaka vya maua vilivyokuwa vikimalizia kuchanua. Kwenye nyumba ya maelezo karibu na lango kuu nilipewa ramani na kuonyeshwa njia ya kufika kwenye kaburi nililolijia, kaburi la Bibi Salme binti Said, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete.

Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said. Alijifunza kuandika kwa siri, katika wakati ambapo wasichana wa nyumba yake walifundishwa kusoma tu. Alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini, na alipopata mimba alilazimika kuondoka Unguja mwaka 1866 kwa meli ya kivita ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, kisha akaja kuishi hapa, mtaa wa Uhlenhorst kando ya ziwa Alster. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza na baridi yake ilikuwa ikimtesa. Hakuruhusiwa urithi wake Unguja. Alirudi huko mwaka 1885 na tena mwaka 1888, mara zote mbili bila kupatana na ndugu zake waliotawala. Mwaka 1886 alitoa kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kitabu ambacho bado ni miongoni mwa masimulizi machache ya mwanamke wa Unguja wa karne ile kwa kalamu yake mwenyewe. Alifariki Jena mwaka 1924, na majivu yake yakaletwa hapa azikwe karibu na mumewe. Pamoja naye uliwekwa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Jiwe lake ni la kawaida. Lina mistari ya ushairi wa Kijerumani inayosema kwamba mwenye kuipenda nchi yake kama yeye ndiye mwaminifu hasa katika nafsi. Nilikaa kwenye nyasi. Sikutaka kumfanya malaika, kwa sababu katika kitabu chake aliutetea utumwa na aliandika juu ya watu weusi kwa maneno ya dharau. Uwanja uliopewa jina lake Uhlenhorst mwaka 2019 ulinyang'anywa jina hilo baada ya watu kuyasoma maandishi hayo kwa makini, na nadhani waliolalamika walikuwa na haki. Lakini jina la barabara ni heshima ya hadhara, na kumzuru marehemu ni jambo jingine. Watu ambao babu zao walichuma karafuu za baba yake na watu ambao babu zao walikuwa mabwana wa mashamba wote wanaweza kusimama pale na kuwa na la kusema. Hilo ndilo linalolifanya kaburi lile liwe la kwetu.

Shangazi yangu amekulia Bububu, si mbali na magofu ya kasri la Mtoni, na nilimtumia picha ya jiwe lile kwa simu. Alinipigia mara moja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye yeye huyo?"

"Ndiye. Nimeketi karibu naye. Nilitaka kumwombea, ila najiuliza kama inafaa, maana alibatizwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hayo ya moyoni mwake anayajua Mola wake. Wewe mtakie rehema, umwambie Mtoni pangali pana minazi. Na usichelewe kurudi mjini, huko si kwenu."

Nilifanya alivyosema, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Jioni nilirudi Landungsbrücken na kupanda feri namba 62 kuelekea Finkenwerder. Ni chombo cha usafiri wa kawaida wa mji, tiketi ileile ya siku nzima ya treni na basi inatosha, na mgeni anayetaka kuiona bandari hana haja ya kulipia mashua ya watalii. Nilipanda ghorofa ya juu. Maji yalikuwa yamejaa, gati limeinuka, daraja lake sasa limelala karibu sawa. Feri ilipita soko la samaki la Altona, linalofanyika Jumapili alfajiri tangu mwaka 1703, ikapita ufuo wa mchanga wa Övelgönne ambako familia zilikuwa zimewasha majiko ya mkaa, na ng'ambo yake kreni za Burchardkai zilikuwa zikishusha makontena kutoka meli ambayo urefu wake ulizidi mtaa mzima. Hamburg ni bandari ya tatu kwa ukubwa Ulaya, baada ya Rotterdam na Antwerp, na kazi pale haikomi usiku. Mtu akilitazama kontena hawezi kujua lina nini wala limetoka kwa nani. Gunia la karafuu lilikuwa na harufu na mhuri, kontena halina. Kama maghala ya zamani, ambayo kila kitu ndani yake kingeweza kusemwa, yameelezwa nusu, nilijiuliza vizazi vijavyo vitayaeleza vipi masanduku haya ya chuma, yanayobeba kahawa ya Kilimanjaro na ya Mbinga hadi leo.

Sikuyaona makumbusho ya wahamiaji ya BallinStadt, wala bustani ya Jenfeld yenye michoro ya kuchongwa ya askari wa Afrika Mashariki, na mji ule una mambo mengine mengi. Nikipata nafasi ya kurudi nitaanzia mahali pengine kabisa, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Hamburg, ambako zimehifadhiwa karatasi za nyumba ya O'Swald: barua na hesabu zilizoandikwa Unguja kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, zenye bei za makauri na karafuu na majina ya watu waliouza na kununua. Wanafunzi wa historia wa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaojifunza Kijerumani wana kazi ya miaka mingi inayowasubiri mle, na miji miwili iliyojiita ndugu ingeweza kuwalipia nauli. Hifadhi iko Wandsbek, kwenye njia ileile ya treni ya U1.